Maswali ya wadogo zetu wa kidato cha tano na sita, Tabora na Kigoma: majibu ya waliotangulia

Mwakeye kwa wa Kigoma, mwangaluka kwa wa Tabora.

Kila mwaka, wiki chache baada ya kidato cha tano kuripoti, baadhi yetu tuliosoma advansi katika mikoa hii miwili tunarudi kukaa na wadogo zetu jioni moja. Tunapitisha boksi, kila mtu anatumbukiza swali lake bila jina. Vikaratasi sasa vimejaa kiroba kizima na maswali ni yale yale, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuyaandika pamoja na majibu. Mimi natoka Kasulu, nilisoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) Tabora. Wenzangu wawili nitakaowataja, mmoja alisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) Kigoma mjini, mwingine EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Pale tuliposhindwa kukubaliana, nimesema.

## Mwanzo mwanzo

1. Kidato cha nne nilipata wani. Mbona jaribio la kwanza la advansi nimepata F mbili?

Kwa sababu umekuja na mbinu ya kidato cha nne. Hata mimi nilikuja nayo. Jaribio langu la kwanza la Kemia nilipata 23, na daftari nilikuwa nimelikariri lote, mpaka pale mwalimu alipokohoa. Swali lilitaka nieleze kwa nini maji huchemka kwenye joto kubwa kuliko hidrojeni salfaidi. Nikaandika fasili ya bondi ya haidrojeni, neno kwa neno, nikapiga mstari chini yake, nikahamia swali lingine. Fasili ilikuwa sahihi. Nikapewa alama moja kati ya nne.

Kidato cha nne mara nyingi unaulizwa kitu ni nini. Advansi unaulizwa kwa nini kiko hivyo, na kingekuwaje kama jambo fulani lisingekuwepo. Ukitaka kujipima, funga daftari, kaa na mtu asiyesoma kombi yako (yale masomo matatu uliyopangiwa), umweleze mada kwa dakika tano. Ukiona unatafuta maneno ya mwalimu badala ya kutafuta maana, ujue umekariri.

Halafu kuna jambo ambalo hatuambiwi mapema: darasa lote ni watu waliokuwa wa kwanza huko walikotoka. Mmoja wao lazima awe wa mwisho. Ukiwa wewe muhula wa kwanza, hujafa.

2. Miaka miwili inatosha kumaliza silabasi?

Si miaka miwili. Kidato cha tano huanza Julai, na mtihani wa taifa wa kidato cha sita huanza mapema Mei. Hiyo ni miezi 22. Toa likizo za Desemba mbili, ya Juni na zile fupi fupi, unabaki na kama miezi 18. Toa tena wiki za moko (mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa) na za marudio, kisha angalia umebakiwa na nini.

Ukiniuliza watu hupotelea wapi, nitakujibu bila kusita: kati ya Julai na Desemba ya kidato cha tano. Ndipo wanaposema "bado mapema". Mada za mwanzo za Fizikia, Kemia na Hisabati ndizo zinazobeba za mwisho, na aliyeziruka huzikuta tena Februari ya kidato cha sita, wakati wenzake wanafanya marudio. Tabora, siku ya kwanza tu utaambiwa Mwalimu Nyerere alisoma hapa kuanzia 1937 kabla hajaenda Makerere. Ni kweli na ni fahari kubwa. Ila nimewaona watu wakikaa na fahari hiyo mpaka Desemba.

3. Divisheni inahesabiwaje?

Yanahesabiwa masomo matatu ya tahasusi, yaani kombi yako, tu. A (80–100) ni pointi 1, B (70–79) ni 2, C (60–69) ni 3, D (50–59) ni 4, E (40–49) ni 5, S (35–39) ni 6, na F ni 7. Jumlisha. Pointi 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu, 18 na 19 ya nne, 20 na 21 ni sifuri. Wanaposema "wani ya tatu" wana maana ya A tatu.

Piga hesabu kidogo hapo. C tatu zinakupa 9, na 9 bado ni wani. Huhitaji kuwa jiniasi wa somo moja. Unahitaji masomo matatu yasiyokuangusha. Chuo kikuu kinahesabu kwa njia nyingine kabisa, angalia swali la 20.

4. Nimepangiwa tahasusi nisiyoitaka. Nibadilishe?

Kama bado hujaripoti: matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mfumo wa TAMISEMI hufunguliwa kwa muda ili ubadilishe machaguo yako kabla ya upangaji. Wengi hawajui, au wanajua dirisha likiwa limeshafungwa. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa sana, kwa hiyo usijifungie kwenye zile tano ulizozisikia kwa kaka yako.

Kama umesharipoti, nenda kwa mwalimu wa taaluma ndani ya wiki mbili za kwanza. Atatazama mambo mawili: shule ina hiyo kombi, na alama zako za kidato cha nne zinairuhusu. Baada ya mwezi, hata akikukubalia, utakuwa unafukuza treni kwa miguu.

Hapa hatukubaliani. Mimi nilipangiwa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) nikahamia PCB wiki ya pili, sijajuta. Mwenzangu wa EGM anasema nilibahatika tu, na kwamba kati ya kila kumi wanaohama, tisa wanamfuata rafiki. Hiyo tisa ameitoa kichwani mwake, lakini sina nguvu ya kubisha sana.

5. BAM (Hisabati ya ziada kwa wasiosoma Hisabati ya juu) haihesabiwi kwenye divisheni. Kwa nini nijisumbue?

Kwa sababu kozi nyingi za uchumi, kompyuta na biashara zinamdai asiyesoma Hisabati ya juu awe na angalau S ya BAM, au awe alifaulu Hisabati ya kidato cha nne. Watu wana wani nzuri kabisa na mlango umefungwa kwa sababu ya somo walilokuwa wanalilalia. Saa mbili kwa wiki zinatosha.

## Kusoma kwenyewe

6. Nimetoka shule ya kata, Kiingereza kinanipiga chenga. Nitaweza?

Hili ndilo lenye vikaratasi vingi kuliko yote, na wengi huliandika kwa herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona. Sisi watatu wote tulitoka shule za kata.

Tenganisha kazi mbili: kuelewa, na kusema. Kuelewa, elewa kwa lugha yoyote unayoitaka. Mimi na jirani yangu wa kitanda tulielewa osmosisi kwa Kiha, tukikumbuka chumvi inavyomvuta maji samaki anayekaushwa kule ziwani. Tukishaelewa, ndipo tunakaa kuliandika jambo lile lile kwa Kiingereza. Aliyeelewa anatafuta maneno tu. Asiyeelewa anatafuta vyote viwili kwa mpigo, na anakosa vyote.

Kuandika kunataka mazoezi ya kila siku, si ya kila wiki. Tulikuwa na sheria: kabla ya kulala, aya moja ya sentensi sita kuhusu kitu tulichofundishwa leo, bila kutazama daftari. Asubuhi tunalinganisha na kitabu. Miezi miwili ya kwanza aya zangu zilitia huruma. Kufika Januari nilishangaa mkono unatembea wenyewe. Mwenzangu wa HGL yeye alikusanya kurasa za magazeti ya Kiingereza yaliyofungiwa vitumbua na kuandika upya kila habari kwa maneno yake. Daftari lake lilinuka mafuta mwaka mzima.

Jifunze pia vitenzi vya maswali. Swali huanza na amri: taja, eleza, tofautisha, linganisha, tathmini, thibitisha. Kwa Kiingereza ni kama kumi na tano hivi. Viandike kwenye karatasi, ubandike ndani ya mfuniko wa tranka. Nusu ya alama zinazopotea hupotea kwa mtu aliyeambiwa atofautishe akaeleza kitu cha kwanza, kisha akaeleza cha pili, akaweka nukta.

Kuna watakaokucheka matamshi. Waache wacheke, mtihani hauna masikio.

7. Nisome saa ngapi kwa siku? Ni lazima kukesha?

Prepo (muda wa kujisomea usiku) isome yote, kichwa kikiwa juu ya dawati. Ukiongeza saa moja na nusu asubuhi kabla ya mstarini, unatosha siku za kawaida. Kukesha nimejaribu. Nilikuwa napiga msuli mpaka saa tisa usiku miguu ikiwa kwenye beseni la maji baridi, nasinzia kipindi cha kwanza na cha pili, halafu usiku nakesha tena kutafuta nilichokikosa asubuhi. Nilikuja kugundua nakesha kwa sababu ya kukesha.

Wale wanaomeza vidonge vya kutolala au vinywaji vya kuongeza nguvu: mmoja wetu alipelekwa zahanati na moyo unamwenda mbio. Hatukurudia.

8. Shule yetu haina mwalimu wa somo fulani. Tufanyeje?

Swali hili linatoka zaidi wilayani, na zaidi kwa Fizikia na Hisabati. Kwanza, pateni silabasi yenyewe, si vitini tu. Kitini ni silabasi kwa macho ya mtu mmoja, na mtu huyo pengine aliruka mada asiyoipenda. Pili, gawaneni mada. Darasani kwetu tulikaa bila mwalimu wa Fizikia karibu muhula mzima, tukagawana: kila mmoja anapewa mada, wiki mbili za kuisoma, kisha anapiga pindi mbele ya wenzake. Mada niliyofundisha mimi siisahau mpaka leo. Ile niliyofundishwa na mvivu wetu nilikuja kuisoma upya.

Tatu, likizo. Tuisheni ya likizo mjini, Tabora au Mwanga kule Kigoma, ina maana kama unakwenda na orodha ya mada ulizokwama. Kwenda ili kuanza silabasi upya na umati wa watu ni kutembeza nauli ya mzazi.

9. Kundi la majadiliano liwe na watu wangapi?

Wanne, watano wakizidi. Sita ni mkutano. Kila mtu aje akiwa ameshajaribu swali peke yake, vinginevyo mmoja atafundisha na wengine watatikisa vichwa. Chagueni angalau mtu mmoja mbishi.

10. Mitihani iliyopita inasaidia kweli, au ni kubahatisha maswali?

Ukiitumia kubahatisha, utaumia. Ukiitumia kama kioo, hakuna kitu kinachoizidi. Fanya mtihani mzima, kwa saa yake, bila kitabu. Karatasi ya kwanza ya Hisabati ya juu kwa muundo tuliofanya sisi ilikuwa na maswali 10, yote ya lazima, kwa saa 3. Hiyo ni dakika 18 kwa swali, pamoja na kusoma na kuhakiki. Huwezi kujua dakika 18 ni fupi kiasi gani mpaka uzikae.

Kuna kitu kingine ambacho wanafunzi wachache sana hukigusa: Baraza la Mitihani huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na kuuweka bure kwenye tovuti yake. Humo utaona jibu zuri, jibu bovu, na maelezo ya kwa nini wengi walikosa swali fulani. Mwombe mwalimu wa taaluma auchapishe, au uupakue likizo. Mimi niliuona kidato cha sita mwezi wa tatu, na nilikasirika kweli.

11. Praktiko tunafanya mara mbili tu kwa mwaka. Tutafaulu?

Mtihani wa vitendo una karatasi yake na unaweza kukutoa D kukupeleka C, kwa hiyo usiuache uwe mgeni. Vifaa vikiwa haba, jitolee kumsaidia fundi wa maabara kuosha na kupanga. Hivyo ndivyo nilivyopata kushika bureti mara nyingi kuliko wenzangu. Na mambo mengi ya karatasi ile hayahitaji maabara: kuchora jedwali lenye vizio, kuchagua skeli ya grafu, kutafuta mteremko, kuandika vyanzo vya makosa. Hayo yafanyie mazoezi bwenini.

12. Sisi wa sanaa tunaandika kurasa sita na bado tunapata 45. Tatizo nini?

Nimemwachia mwenzangu wa HGL. Anasema hivi: hoja zenu hazina mahali wala mwaka. Mwanafunzi anaulizwa athari za biashara ya masafa marefu, anaandika "ilileta maendeleo ya miji" na kusonga mbele. Jamani, umekaa Tabora! Njia ya misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipita hapo ulipo. Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 kwa sababu ya njia hiyo hiyo, na alipofariki 1884 himaya yake haikuchukua muda kulegea. Aya moja yenye hayo inashinda kurasa mbili za "maendeleo". Wa Kigoma nao wana reli iliyofika ziwani 1914, na wana Ziwa Tanganyika lenyewe, lenye kina cha mita 1,470 hivi, mfano hai wa bonde la ufa kwa mtu wa Jiografia. Mnaukalia mfano kisha mnakwenda kuutafuta kwenye kitini kilichoandikwa Dar.

La pili analosema: jibu swali kwenye sentensi ya kwanza ya kila aya, ndipo ueleze. Msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake. Usimfanye atafute hoja kama sindano ndani ya pumba.

## Bweni, pesa na mwili

13. Nibebe nini, na kuna ada?

Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Vitu vya kwenye fomu ya kujiunga viko pale pale: godoro, shuka, ndoo, rimu ya karatasi, fagio, jembe au kwanja kutegemea shule. Kama nyumbani hali ni ngumu, mzazi aende na barua ya mtendaji wa kijiji kwa mkuu wa shule kabla ya siku ya kuripoti, si baada ya kurudishwa getini. Usibaki nyumbani kwa sababu ya godoro. Nilimwona mtu akilalia mkeka wiki tatu mpaka mjomba alipouza mahindi.

Ushauri wa ziada kwa anayetoka Kigoma kwenda Tabora: dagaa wa kukaanga kwenye kopo lililofunikwa vizuri hukaa mwezi, na kopo hilo litakupatia marafiki kabla ya behewa kufika Kaliua. Kwa anayetoka Tabora kwenda Kigoma, asali. Ifunge mara mbili, nimeona daftari za watu.

14. Naumwa malaria kila muhula. Inaniharibia masomo.

Chandarua, kila siku, hata wakati wa joto. Mikoa yetu ina malaria nyingi na wengine wamezoea mpaka wanaiita mafua. Ukisikia homa, kapime kwanza, usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Ukipewa dawa mseto, ni mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Watu hunywa siku ya kwanza, wanapata nafuu, wanagawia rafiki zilizobaki. Wiki mbili baadaye wanaumwa wote wawili.

15. Simu?

Hapana. Ukikamatwa unapoteza wiki kwenye adhabu, usipokamatwa unapoteza muhula mzima.

16. Kuna dawa ya kufaulu?

Msicheke, vikaratasi vyake havikosekani mwaka wowote, na havitoki kwa wajinga. Ndugu yangu mmoja alinipa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheusi, nikiweke mfukoni siku ya Baiolojia. Nilikipokea kwa heshima, kwa kuwa alitembea nacho kilomita nyingi. Asubuhi ya mtihani nikafikiria ukaguzi wa mlangoni, nikafikiria nitamwambia nini msimamizi, nikakiacha chini ya godoro. Baiolojia nilipata B. Yeye mpaka leo anaamini ni kazi yake, nami sijawahi kumsahihisha.

Kama wazee nyumbani wanataka kukuombea au kukufanyia dua, pokea. Ila anayedai pesa ili ufaulu, au anayesema ana karatasi ya mtihani, mkimbie. Huyo wa pili atakufutia matokeo.

## Moko na mtihani wa taifa

17. Moko nimepata sifuri. Je, niendelee?

Moko ya mkoa mara nyingi husahihishwa kwa mkono mzito, na kati yake na Mei kuna wiki kadhaa. Mwenzangu wa EGM alipata divisheni ya nne kwenye moko na wani ya tisa kwenye wa taifa. Alichofanya ni kuacha kusoma mada mpya. Alichukua karatasi zake za moko, akaorodhesha kila swali alilokosa, akagawa mafungu matatu: sikujua, nilijua nikakosea, sikufika. Fungu la pili na la tatu ndizo alama za bei rahisi. Alianza nazo.

Ukiwa na sifuri kwa sababu ya fungu la kwanza, hali ni ngumu zaidi, sitakudanganya. Chagua mada chache nzito zinazotokea kila mwaka, uzimalize hizo.

18. Ndani ya chumba cha mtihani tuchunge nini?

Namba ya mtihani iandike sawasawa, kisha itazame tena. Jina usiandike. Soma maelekezo hata kama unayajua, maana idadi ya maswali ya kuchagua hubadilika na kuna mtu kila mwaka anajibu yote. Karatasi ndogo mfukoni, hata ya duka, itoe nje. Na usimwandikie msahihishaji matusi wala mashairi ya hasira. Baraza huwafutia matokeo wanaofanya hivyo, na wapo.

19. Nikiugua siku ya mtihani?

Mwambie mkuu wa shule au msimamizi mkuu saa hiyo hiyo, usijifungie bwenini. Ugonjwa ukithibitishwa hospitalini na taarifa ikafika Baraza la Mitihani kwa njia ya shule, waliokosa karatasi kwa sababu ya afya hupewa nafasi ya kufanya masomo hayo mwaka unaofuata. Asiyetoa taarifa anahesabiwa hakuhudhuria tu. Mwenye ulemavu au uoni hafifu asisubiri Mei. Mahitaji yake yanatakiwa kujulikana tangu usajili.

## Baada ya Mei

20. Nahitaji alama gani kuingia chuo kikuu?

Hapa A ni alama 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S nusu. Kwa jumla unatakiwa kuwa na principal mbili (masomo uliyopata kuanzia E kwenda juu) zenye jumla isiyopungua 4 katika masomo yanayohusu kozi. Kozi nyingine zina masharti yake. Udaktari, kwa mfano, unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote, kila moja kuanzia D, yaani alama 6. Lakini kima cha chini ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni tu. Wanaochukuliwa vyuo vya serikali huwa juu zaidi ya hapo. Ukituma maombi vyuo viwili au vitatu tofauti, weka na kimoja cha nyumbani. Tabora kipo chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kwa wanaotaka ualimu.

21. JKT ni lazima?

Mafunzo ya mujibu wa sheria kwa wahitimu wa kidato cha sita yalirejeshwa 2013, na miaka ya karibuni huchukua miezi 3. Orodha hutoka ikiwa na jina na kambi. Huku kwetu kuna Bulombora na Mtabila kwa Kigoma, Msange kwa Tabora, ila utapangwa popote. Anza kukimbia taratibu mwezi mmoja kabla. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu mwaminifu nyumbani nakala za vyeti vyako, kwa sababu ya swali linalofuata.

22. Mkopo wa chuo kikuu: wengi wanakosa kwa sababu gani?

Karatasi, kuliko sababu nyingine yoyote tuliyoiona. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo vilevile. Fomu hupita kwa serikali ya mtaa au kijiji na kwa mwanasheria. Ukianza mambo haya dirisha likiwa wazi, umechelewa. Yaanze likizo ya Desemba ya kidato cha sita.

Jambo linalowaumiza watu wa kwetu hasa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, la kidato cha nne halina. Huku herufi moja imezidi, kule jina la ubatizo limetangulia. Linganisha vyeti vyako vyote leo, vitandaze kitandani. Kama havilingani, ulizia kiapo cha majina mapema. Na kwa wa wilaya za mpakani, Kibondo, Kakonko, Kasulu, Buhigwe: kitambulisho cha NIDA kina maswali mengi na safari nyingi, kwa hiyo nenda na mzazi na nyaraka zake, na nenda mapema.

23. Nikifeli kabisa?

Diploma nyingi humpokea mwenye principal moja na subsidiary (yaani S) moja, na mwenye diploma yenye GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada baadaye. Diploma za afya huangalia zaidi alama za kidato cha nne, kwa hiyo zitoe kabatini. Au unarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kurudia ukiwa nyumbani, ukilima tumbaku asubuhi na kusoma jioni, ni kazi nzito. Aliyefanikiwa tunayemfahamu alihamia kwa shangazi mjini kwanza.

24. Rafiki yangu alipata ujauzito kidato cha tano akaacha. Anaweza kurudi?

Ndiyo. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi walioacha kwa sababu hiyo kurudi katika shule za mfumo rasmi baada ya kujifungua. Aende na mzazi au mlezi kwa mkuu wa shule, au kwa ofisa elimu wa wilaya kama anataka kuhamia shule nyingine. Akiambiwa hairuhusiwi, aombe aandikiwe hivyo kwa barua. Tunamfahamu dada mmoja aliyeomba barua, na badala ya barua akapewa tarehe ya kuripoti.

25. Maembe ya shule, ni ruhusa kuchuma?

Limeulizwa na wa Tabora, mara nne, kwa mwandiko tofauti. Msimu ukifika Novemba, mwombeni mlinzi. Sisi hatukuomba, ndiyo maana najua fyekeo la shule lina uzito gani.